Alama za magoti kwenye tangi

Mke wangu alizunguka ghorofa mbili za jumba lile la makumbusho, akashuka, akanikuta palepale aliponiacha. "Bado tu hapo?" Bado. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya BSA M20, pikipiki ya kijeshi ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, silinda moja, cc 496, rangi ya majani makavu. Wala si kitu adimu. BSA, kiwanda cha Uingereza, walilitengenezea jeshi pikipiki kama 126,000 za aina hiyo, na zilizobaki bado ni nyingi. Kwenye jumba lenye magari ya mbio na magari ya wafalme, wageni wengi waliipita M20 bila hata kupunguza mwendo.

Kilichonikalisha chini si injini. Ni tangi la petroli. Pale magoti ya dereva yanapobana, kushoto na kulia, rangi ilikuwa imelika. Sisemi kukwaruzwa, nasema kulika: duara pana kama kisahani cha kikombe, katikati bati tupu linalong'aa, limezungukwa na pete ya rangi ya kiwandani, kisha pete ya rangi nyingine iliyopakwa juu yake, kisha ya tatu, iliyopakwa kwa brashi, ambayo michirizi ya nywele za brashi bado inaonekana. Suruali, jasho, vumbi na mtikisiko wa injini vilifanya kazi ya msasa kwa miaka mingi bila mtu yeyote kukusudia. Palibaki tundu mbili za skrubu zilizowahi kushika raba ya goti, na raba yenyewe ilikwisha kupotea zamani.

Halafu nikaona jambo jingine. Alama ya kushoto ilikuwa pana kuliko ya kulia, na imekwenda chini zaidi hadi kwenye bati. Nilikaa nikijiuliza, mpaka nikakumbuka mpangilio wa pikipiki yenyewe. Kwenye M20 gia na kiki viko upande wa kulia, breki ya nyuma iko kushoto. Mguu wa kulia hautulii: unatafuta gia, unapanda, unashuka, na kila unaponyanyuka goti linaachia tangi. Mguu wa kushoto hauna haraka. Umetulia, goti limebana, kilomita baada ya kilomita. Kadi ya maelezo haikumtaja mtu aliyeipanda, lakini kuanzia dakika ile nilijua jinsi alivyokaa.

Mimi ni fundi wa pikipiki, mwaka wa 22 sasa. Kila ninapopata nafasi ya kusafiri, jumba la magari ya kale ndilo jambo la kwanza ninaloulizia, na mke wangu amekwisha kuzoea. Kwa miaka mingi niliingia kwenye majumba hayo nikitafuta uzuri: kromu, rangi nzito kama asali, spoki zilizonyooka. Siku hizi natafuta kilicholika, kilichobonyea na kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu. Nataka kueleza kwa nini.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mababu wa ukoo, na wote wawili walikuwa nakala. Upande mmoja Reitwagen ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, ya 1885: fremu ya mbao, vigurudumu viwili vya pembeni vya kuizuia isianguke, injini ya cc 264 yenye nusu ya nguvu ya farasi mmoja. Kifaa cha kuwashia, mrija uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu, kilikaa chini ya kiti, na mwanawe Daimler alipoijaribu barabarani Novemba mwaka huo kiti kilishika moto. Kila Reitwagen utakayoiona popote duniani ni nakala, kwa sababu ile halisi iliteketea pamoja na kiwanda cha Cannstatt 1903. Upande wa pili palikuwa na gari la Carl Benz la magurudumu matatu, lile lililoombewa hataza namba 37435 tarehe 29 Januari 1886. La kwanza lenyewe liko Deutsches Museum, Munich.

Nakala hazinisumbui zikisema wazi kwamba ni nakala. Zinanifundisha namna kitu kilivyofanya kazi. Ukisimama nyuma ya gari la Benz unaona flaiwili kubwa imelazwa kama jiwe la kusagia, na hiyo ndiyo starta: unaishika kwa mikono miwili na kuizungusha. Lakini nakala hainiambii chochote kuhusu aliyelitumia, na gari hili lilitumika. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua mojawapo ya magari hayo alfajiri bila kumuaga mumewe, akawapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya wa cheche ulipochubuka aliufunika kwa ukanda wa soksi. Mafuta yalipopungua aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, kwani wakati huo yaliuzwa kama kiondoa madoa. Na magogo ya breki yalipokwisha kwenye miteremko, alimwendea fundi viatu ayapigilie ngozi.

Safari hii husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ni haki yake. Mimi huisikia kama ripoti ya kazi ya fundi: kilichoharibika, alichonacho mkononi, alivyotengeneza, akaendelea na safari. Kila ninapofunga breki mpya huikumbuka ngozi ile. Ningeonyeshwa kipande chake, na misumari ya fundi viatu ikiwa bado imo, ningeridhika kuliko kuonyeshwa gari zima.

Aliyeanza kunipunguza mwendo siku ile alikuwa Ford Model T ya 1912. Ford hizo zilitoka kiwandani kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na dereva hodari wa leo akikaa humo hawezi kuiondoa hata hatua moja. Pedali ni tatu, ila kazi zake si zile tunazozijua. Mafuta unaongeza kwa mkono, kwa kiwiko kilichoko chini ya usukani. Pedali ya kushoto ukiikanyaga hadi mwisho unapata gia ndogo, ukiiachia kabisa gia kubwa, ukiizuia katikati gari halina gia. Ya kati inarudisha nyuma. Ya kulia ni breki. Katika magari ya miaka hiyo pedali zina herufi zilizoinuliwa: C, R na B, kila moja na yake.

Kwenye gari hili R ilikuwa kali kana kwamba imetoka kiwandani jana. B ilikuwa imefifia, bado inasomeka. C haikuwapo. Palikuwa na chuma laini tu, kimeingia ndani kidogo upande mmoja, pale ukingo wa soli ulipokuwa ukitua. Fikiria maana yake. Gia ndogo ya Ford haikai yenyewe. Sharti mguu uikandamize muda wote unaopanda kilima. Ukichoka ukaachia, gari linarudi kwenye gia kubwa na injini inazimika. Kwa hiyo mtu huyu alikaa kwenye milima, au alibeba mizigo mizito, na jioni paja lake la kushoto lilimuuma. Yote hayo nimeyapata kwenye herufi moja iliyofutika.

Sasa ukivuka mlango unaingia kwenye ukumbi mkubwa, ule ambao picha zake ndizo huwekwa kwenye mabango. Magari yanang'aa kiasi cha kujiona uso. Rangi ni tabaka juu ya tabaka, ngozi za viti ni mpya, boluti zote zinatazama upande mmoja. Nawaheshimu mafundi walioifanya kazi ile, na najua ugumu wa kunyoosha bati la mlango hadi mwanga usiteguke juu yake. Hata hivyo nilitembea ukumbini mle kwa dakika kumi tu, nikatoka. Sikuwa na cha kusoma. Kila gari lilikuwa limesimamishwa kwenye siku moja, siku ya kutoka kiwandani, na siku nyingine zote za maisha yake zilikuwa zimepigwa msasa zikaondoka na vumbi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kulifanya.

Baba aliniachia Honda ya cc 90. Nilikuwa na miaka 26 alipofariki, karakana yangu ndiyo kwanza imeanza kusimama, na nikaona heshima kubwa ninayoweza kumpa ni kuirudisha pikipiki yake upya. Nilifanya kazi miezi saba, usiku, baada ya wateja kuondoka. Kiti alikuwa amekishona mwenyewe mara mbili kwa uzi mnene wa nailoni. Nikakitupa nikaweka kingine. Kishikio cha klachi kilikuwa kimevunjika ncha, naye alikisugua kwa tupa mpaka kikawa na umbo la kidole chake, nikakitupa. Upande wa kulia wa tangi palikuwa na mbonyeo, saizi ya yai, wa siku niliyoichukua bila ruhusa nikiwa na miaka 12 nikaanguka nayo. Hakunichapa. Na miaka yote iliyofuata hakuunyoosha ule mbonyeo, ingawa nyundo alikuwa nayo na muda alikuwa nao. Mimi nikaunyoosha. Nikajaza, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyekundu tabaka sita.

Siku nilipoitoa nje nilimwita mama. Alikuja akaizunguka. Yeye ndiye aliyekaa nyuma ya kiti kile miaka mingi kuliko mtu mwingine. Akanyoosha mkono, akapitisha kiganja upande wa kulia wa tangi, polepole, akakirudisha, akakipitisha tena. Alikuwa akitafuta mbonyeo. "Umeitengeneza vizuri, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Ninayo hadi leo. Inawaka kwa kiki moja na rangi haijapata doa. Sina namna ya kuurudisha ule mbonyeo.

Wenye kushughulika na urithi huu wamelijadili jambo hili kwa makini kuliko watu wengi wanavyodhani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30. Baadaye waliidhinisha Hati ya Turin, na ndani yake mna mambo mawili ninayoyapenda sana. La kwanza, kuhifadhi kilichopo ndiyo njia ya kwanza, na kurejesha hali ya upya ni kwa pale palipo na sababu. La pili, kipande kipya kikiwekwa, kiwekwe alama ya kudumu ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Nimeanza kufanya hivyo karakanani kwangu. Boluti yoyote ninayoichonga kwa ajili ya pikipiki ya zamani naigonga mwaka kichwani, kwa herufi ndogo za chuma. Wateja wengine huona ni kupoteza muda. Naendelea kugonga.

Kuna magari machache duniani ambayo mtu alikuwa na nafasi ya kuyasafisha akajizuia, na kujizuia huko nakuona kuwa kazi ya fundi kama kazi nyingine. Mwaka 2009 wapiga mbizi walitoa Bugatti ya 1925 kutoka ziwa Maggiore, mita zaidi ya 50 chini, ambako ilikuwa imelala kwa zaidi ya miaka 70. Upande mmoja wa bodi umeliwa na kutu hadi umekuwa kama kitambaa kilichochanika. Upande uliolala kwenye matope umesalimika. Aliyeinunua alikuwa na uwezo wa kuijenga upya, akaamua ionyeshwe vile ilivyotoka majini. Citroën nao wana mifano mitatu ya majaribio ya gari lililokuja kuwa 2CV. Magari hayo yalifichwa Wajerumani walipoiteka Ufaransa, yakasahaulika kwenye dari ya ghala hadi 1994. Yana taa moja tu mbele. Yameachwa na vumbi lake.

Na kule Bowling Green, jimbo la Kentucky, tarehe 12 Februari 2014 alfajiri sakafu ya jumba la makumbusho la Corvette ilizama, ardhi ikafunguka, magari manane yakaanguka shimoni. Yalitolewa moja baada ya jingine. Moja lao, la 2009, liliwashwa mara tu lilipotolewa likaondoka kwa magurudumu yake. Matatu yakatengenezwa. Matano yaliyopondeka sana waliyaacha vilevile, yamepinda, na udongo ndani yake, na wageni huenda kuyaona hayo kwa shauku ileile wanayoyaendea mazima. Mimi naelewa kabisa. Gari lililopondwa na mwamba lina siku yake maalumu, tarehe na saa, imeandikwa kwenye bati.

Moto ni jambo jingine, na hapo sina ubishi na mtu. Septemba 2003 moto uliingia kwenye jumba la taifa la makumbusho ya pikipiki karibu na Birmingham, Uingereza, ukateketeza pikipiki kama 380. Jumba likafunguliwa tena mwishoni mwa 2004, mafundi wakirudisha mashine moja baada ya nyingine kutoka kwenye vyuma vilivyokunjamana. Aluminiamu inayeyuka kabla ya chuma; kabureta na kasha la gia hutiririka sakafuni, fremu inabaki imesimama kama mifupa. Aliyeijenga upya mashine kutoka hapo hakufuta historia ya mtu yeyote. Moto ulikuwa umekwisha kuifuta.

Nirudi kwenye kadi. Kwenye jumba nililotembelea kadi zote zilikuwa na mambo matano: aina, mwaka, cc, mwendo wa juu na mmiliki. Fundi aliyelifungua na kulifunga gari hilo kwa miaka 40 hayupo kwenye kadi. Jambo hili linanikumbusha Mulhouse, Ufaransa, ambako ndugu wawili wenye viwanda vya sufu, Hans na Fritz Schlumpf, walikusanya mamia ya magari kwa siri, Bugatti peke yake zaidi ya 100. Viwanda vilipoanguka, mwaka 1977 wafanyakazi waliingia kwenye jengo lililofungwa siku zote na kukuta magari yamepangwa chini ya mamia ya taa za nguzo, yameng'arishwa, huku wao wakidai ajira zao. Walilikalia jengo karibu miaka miwili na kuwaruhusu watu waingie waone. Leo ni jumba la makumbusho la taifa, lina magari zaidi ya 400. Ningefurahi kuona pale, kando ya Bugatti Royale yenye injini ya lita 12.7, mashine moja ya kusokotea nyuzi.

Sasa ile M20. Nilikuwa bado nimechuchumaa nilipoona viatu vya kazi vimesimama karibu yangu, halafu ovaroli ya bluu, halafu mzee mwenye vidole vyeusi kwenye kucha kama vyangu. Nikasimama nikamwamkia.

"Unatafuta nini chini huko, kijana?" akauliza.

"Natazama msumari, mzee." Kwenye fimbo ya breki ya nyuma, mahali pa pini, mtu alikuwa ameweka msumari wa mbao akaukunja.

Akacheka kwa furaha. "Umekuwapo tangu siku tulipoipokea. Kila mwaka kuna anayeniambia niutoe. Unashika. Utakaposhindwa kushika nitautoa, na nitauweka kwenye bahasha."

Tukaanza kuzungumza, na mazungumzo yakawa ya oili. Watu hudhani gari likisimama halichoki. Linachoka kwa namna mbaya zaidi. Oili iliyotumika ina asidi ndani yake, na ikikaa inakula beringi. Kwa hiyo inamwagwa na kuwekwa nyingine hata kama pikipiki haijakwenda popote. Petroli ikiachwa kwenye kabureta inakauka na kuwa kama gundi, inaziba vitundu vyembamba kuliko uzi. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Tairi likibeba uzito mahali pamoja linaota bapa, na ndiyo maana magari mengi pale yalikuwa yamenyanyuliwa kwa vigogo, magurudumu yakigusa sakafu kwa uzito kidogo tu. Hewa ikiwa kavu sana ngozi na mbao zinapasuka, ikiwa na unyevu chuma kinaota kutu, na chumba ni kimoja. Mzee alikuwa na kipima unyevu katika kila kona, na alivisoma kila asubuhi kabla ya kuvua koti.

"Na injini je?" nikamuuliza.

"Injini huzungushwa kwa mkono kila mwezi. Zinazoweza kuwaka, mara mbili kwa mwaka, nje uani." Akaitazama M20, akanitazama. "Hii zamu yake ni wiki ijayo. Lakini wiki ijayo haina fundi wa kunisaidia kuisukuma."

Kuna wanaosema mashine ya makumbusho isiwashwe kamwe, kwa sababu kila mzunguko unakula kitu kisichorudi. Wana hoja ya haki, hasa kwa mashine iliyobaki moja tu duniani. Wengine wamekwenda njia nyingine: jumba la Barber, ambalo liko Birmingham pia, ila hii ni ile ya Alabama, Marekani, lina pikipiki zaidi ya 1,600, na nyingi mno zinatunzwa katika hali ya kuweza kuwashwa. Mimi niko upande wa kuwasha pale inapowezekana. Zimebaki M20 nyingi mno duniani. Nguvu yake na sauti yake ni sehemu yake kama lile tangi.

Tukaisukuma hadi uani. Tangini hamkuwa na kitu, petroli hairuhusiwi ndani ya ukumbi, na baada ya kisa cha ule moto najua kwa nini. Akamimina nusu lita kwa chupa. Akafungua bomba, akabonyeza kidude kilicho juu ya kabureta mpaka petroli ikachuruzika kidogo kwenye tundu. Kwenye handeli kuna kiwiko kidogo cha kubadilisha majira ya cheche, akakirudisha nyuma. Usipokirudisha, cheche inatangulia, kiki inakurudi, na kifundo cha mguu hakitakusamehe. Kiwiko kingine kinanyanyua vali ya kutolea moshi ili injini isikaze. Akaniambia nikanyage mara mbili polepole nikiwa nimekishika hicho, ivute mchanganyiko. Nikakanyaga. Chuma cha kiki kilikuwa kimelika katikati, kimeingia ndani kama kijiko cha kupimia, na soli yangu ikatua humo bila kutafuta.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, pumzi ya moshi. Ya tatu ikaamka.

Lugha yetu ina majina mawili ya chombo hiki, pikipiki na tukutuku, na yote mawili ni milio. Vijana wengi siku hizi hawalisikii la pili. Injini ndogo nyepesi zinazozunguka upesi husema pikipiki, na hizo ndizo nimezitengeneza maisha yangu yote. Hii ya silinda moja pana na vali za ubavuni, mzee alipoishusha chini kabisa, kila pigo likiwa peke yake na nafasi ya kuvuta pumzi baina ya pigo na pigo, ilisema tukutuku. Herufi kwa herufi. Waliotoa jina lile waliisikia injini ya namna hii, ikiwa inangoja mtu, na walikuwa na masikio mazuri.

Niliweka viganja kwenye tangi, juu ya zile alama mbili. Bati lilikuwa likitetemeka, na lilianza kupata joto upande wa nyuma.

Mke wangu aliusikia mlio kutoka ndani, akatoka akasimama mlangoni mpaka mzee alipoizima. Injini ikabaki ikigongagonga inavyopoa. Tukamwaga petroli iliyobaki, tukafuta chini ya bomba, nami, baada ya kumwomba ruhusa, nikakaza kwa robo ya mzunguko nati moja iliyokuwa ikivuja. Mzee akatoa daftari lenye jalada gumu, akavaa miwani, akaandika tarehe, kisha: kiki 3, bomba linavuja, nati robo mzunguko, msumari bado unashika. Akanigeuzia daftari niandike jina la aliyekanyaga.